Hela Haikuwepo: Hotuba kwa Watengenezaji wa Filamu za Kihistoria

Hotuba hii ilitolewa mbele ya waandishi wa skripti, waongozaji, mafundi wa mavazi na wanafunzi wa filamu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, shikamooni. Waongozaji, waandishi, mafundi wa mavazi, vijana wa kamera na wa sauti, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema.

Naomba tuanze na onyesho moja la kubuni. Msiandike, sikilizeni tu. Mahali ni Pangani, mwaka 1888. Kampuni ya Wajerumani imeingia mjini. Mama amekaa barazani, amejifunga kanga iliyoandikwa "Wema hauozi" kwa herufi kubwa za Kirumi. Mwanawe anarudi kutoka sokoni, anasema: "Mama, samaki amepanda bei, hela haikutosha." Nyuma yao, mpaka miguuni mwa kilima, shamba la mkonge limenyooka kwa mistari. Juu ya nyumba ya Kampuni inapepea bendera ya Ujerumani, nyeusi, nyekundu na ya dhahabu. Mzee anapita, anatikisa kichwa: "Wageni hawa wataimaliza Tanganyika yetu."

Onyesho linagusa. Lina mama, lina njaa, lina nchi inayoporwa. Sasa nawauliza: lina makosa mangapi?

Matano. Tuyachambue moja moja.

Hela. Neno hili limetoka kwenye sarafu ya Kijerumani, Heller, na sarafu hiyo iliingia huku mwaka 1904, Wajerumani walipoamua rupia moja iwe na heller 100. Kabla ya hapo rupia yao ilikuwa na pesa 64. Kijana wa 1888 hawezi kutamka "hela", kwa sababu neno lenyewe litazaliwa miaka 16 baadaye. Mkononi mwake wekeni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ile ya mwaka 1299 wa Hijria yenye picha ya mizani. Kwa kitu cha thamani zaidi, wekeni rupia ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria. Tajiri wa pembe za ndovu mpeni reale ya fedha ya Maria Theresa, ambayo hata ikichapwa mwaka gani huandikwa 1780. Pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani zenyewe zilianza 1890, na upande mmoja ziliandikwa kwa Kiarabu, maana Kampuni ilijua inashughulika na watu wanaosoma herufi hizo.

Kanga. Miaka ile kanga ndiyo kwanza inashamiri pwani, na wanawake wengi bado walijifunga kaniki, merikani na leso. Maneno yalipoanza kuwekwa kwenye kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kirumi ni za karne ya 20. Fundi wa mavazi, ukienda dukani leo ukanunua kanga mpya yenye jina, umemvalisha mama wa 1888 nguo ya mjukuu wake.

Bendera. Nyeusi, nyekundu na dhahabu ni bendera ya Ujerumani ya leo. Ile ya dola yao wakati huo ilikuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Na iliyozusha ugomvi Pangani mwezi wa Agosti 1888 ilikuwa ya tatu kabisa: bendera ya Kampuni, nyeupe, yenye msalaba mweusi, na pembeni juu pande jekundu lenye nyota tano. Wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, alitaka ipandishwe Pangani, mahali ambapo watu walijua bendera moja tu, nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar. Ugomvi mzima ulikuwa wa kitambaa. Ukikosea kitambaa, umeacha nini?

Tanganyika. Mwaka 1888 Tanganyika ilikuwa ziwa. Nchi ilipewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920. Mzee wa Pangani angesema Mrima, yaani pwani ile ya bara, au angetaja mji wake.

Na mkonge. Hapa naomba tukae kidogo.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Asili yake ni Mexico. Miche ilipitia Florida, ikapitia Hamburg, ikapakiwa melini. Ilikuwa miche 1,000. Iliyofika hai ikapandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Sitini na miwili! Kutoka kwenye miche hiyo yakaja mashamba yaliyofunika Tanga, yakaja manamba, wale vibarua wa mkataba, yakaja reli na madeni, watu wakahamishwa kutoka Songea na Kigoma kwenda kukata majani. Kwa hiyo mkiweka mkonge nyuma ya mama yule mwaka 1888, mmewaambia watazamaji kwamba mkonge ulikuwepo tangu zamani, ni sehemu ya ardhi kama minazi. Mjerumani hakuleta kitu na hakubadilisha kitu. Filamu imetengenezwa ili ionyeshe nchi inavyogeuzwa, na mandhari yake inasema nchi ilikuwa hivyo hivyo siku zote.

Hili ndilo lililonileta mbele yenu. Kosa dogo la kihistoria mara nyingi huficha kitu kile kile ambacho hadithi ilitaka kukisema. Wengi hudhani uhakiki wa historia ni kazi ya watu wasumbufu wanaohesabu vifungo vya kanzu. Lakini mtoto wa darasa la sita akishaona filamu yako, hiyo ndiyo kumbukumbu yake ya mwaka 1888. Hana nyingine. Picha ya babu wa babu yake hana. Anayo hiyo uliyompa wewe.

Mfano mwingine wa haraka, kwa sababu najua wengi mnapenda kupiga picha Forodhani. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mnara wa saa uliokuwa mbele yake uliwekwa baada ya Waingereza kuyapiga mizinga majumba ya Sultani tarehe 27 Agosti 1896. Zamani mnara ulisimama peke yake, mbele ya jumba. Barghash alifariki 1888. Ukimweka Barghash kibarazani na mnara ule umebandikwa nyuma yake, umeonyesha kovu kabla ya jeraha. Na tangu Disemba 2020, sehemu ya jumba ilipoporomoka, ndiyo kabisa: kazi hiyo ni ya kompyuta, au ni ya kuchagua ukuta mwingine.

Sasa twende baharini.

Kwenye tamthilia utaona jahazi linaingia Unguja kutoka Maskati, limejaa tende na halua, na chini ya skrini pameandikwa: Julai 1850. Nahodha yeyote wa pale Malindi ya Unguja atacheka. Julai ni kusi. Upepo unatoka kusini unakwenda kaskazini. Jahazi la tanga halitoki Maskati kuja Unguja wakati wa kusi. Linangoja kaskazi ianze, Novemba au Disemba, lije na upepo nyuma. Na likishafika haliwezi kuondoka kesho yake. Linangoja mpaka Aprili, kusi ianze, lirudi.

Mnataka kujua anayepuuza upepo hupatwa na nini? Mtazameni Vasco da Gama. Aliondoka Malindi, ile ya Kenya ya leo, tarehe 24 Aprili 1498, na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, kusi ikiwa inaanza. Tarehe 20 Mei yuko Calicut. Siku 26 tu. Wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, kaskazi haijatulia, akazungushwa baharini karibu miezi mitatu. Watu wake walioza fizi, wakafa wengi, na waliobaki waliporudi Malindi Januari 1499 hawakutosha kuendesha meli zote. Meli moja ilichomwa moto kwa kukosa mabaharia. (Na yule rubani, tafadhali, msimwite Ibn Majid. Hadithi hiyo imerudiwa mno, lakini wanahistoria waliosoma maandishi ya safari ile hawaikubali.)

Kwa nini nasisitiza upepo? Kwa sababu upepo ndio uliojenga miji yetu. Mfanyabiashara aliyelazimika kukaa Lamu, Mombasa au Kilwa miezi mitatu, minne, alihitaji nyumba, alihitaji mtu wa kumwamini, alioa, alizaa, alijifunza lugha. Filamu inayomshusha Mwarabu Julai na kumpandisha Agosti imefuta sababu ya Uswahili kuwa Uswahili. Iwekeni kwenye hadithi ile miezi ya kungoja. Mna mapenzi humo, mna deni humo, mna kila kitu anachokitafuta mwandishi.

Na ukirudi nyuma zaidi, tuseme Kilwa ya mwaka 1331 alipofika Ibn Battuta, usitumie jahazi la leo. Tafuta sura ya mtepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari hata mmoja, na tanga lake ni la pembe nne, la mkeka. Jikoni toeni mahindi, muhogo, nyanya, papai, nanasi, korosho na pilipili kali. Vyote hivyo asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya 1492. Wekeni wali, mtama, mawele, ndizi, nazi, samaki, tangawizi na maembe.

Twende vitani.

Filamu zetu za vita vya Wajerumani zina ugonjwa mmoja: kila mtu anapiga risasi kama ana bunduki ya mwaka 1970. Tuangalie gobori kwa karibu. Mpiganaji anasimamisha bunduki, kitako chini. Anamimina kipimo cha baruti mdomoni mwa mtutu. Anatia kitambaa au nyuzi za makumbi. Anatia risasi ya duara, au vipande vya chuma. Anachomoa mdeki, anashindilia. Anarudisha mdeki. Anainua bunduki, anaweka fataki, au kama ni gumegume anatia baruti kidogo kwenye kisahani. Anavuta jogoo nyuma. Analenga. Ndipo anafyatua. Hapo mtu hodari, aliyesimama, asiyesumbuliwa, anapiga mara mbili au tatu kwa dakika. Aliyelala kifudifudi anapata taabu kubwa kushindilia mtutu mrefu kama ule. Baruti ikilowa, hakuna kitu. Akisahau mdeki ndani ya mtutu, ameurusha pamoja na risasi, na hana wa pili.

Askari wa Mjerumani naye hakuwa na bunduki ya kumimina risasi mfululizo. Wengi walibeba Mauser ya mwaka 1871, risasi moja kwa wakati, na baruti yake ilikuwa nyeusi, ya moshi. Kampuni nyingi za askari zilikuwa nazo hata 1914 vita vikuu vilipoanza. Kwa hiyo onyesho la Maji Maji la 1905 linahitaji moshi. Moshi mweupe, mzito, unaoning'inia hewa ikitulia. Kikosi kikishapiga mara tatu hakioni mbele. Mtu wa kamera, huo moshi ni zawadi kwako: unaficha kwamba una waigizaji 20 badala ya 200. Mtu wa sauti, mlio wa baruti nyeusi ni mzito, unasukuma kifua. Usiuchukue mlio mkavu wa bunduki za kisasa kutoka kwenye maktaba ya sauti.

Na msiogope vita vifupi. Mnamkumbuka Zelewski, wa bendera ya Pangani? Mwaka 1891 alikuwa kamanda, wenyeji wakimwita Nyundo, anaongoza msafara wa kijeshi kuingia Uhehe. Tarehe 17 Agosti, Lugalo, Wahehe wamejificha kichakani kando ya njia, wanangoja ishara ya mlio mmoja wa bunduki. Ofisa mmoja wa Kijerumani akamwona ndege, akampiga. Wahehe wakadhani ndiyo ishara. Wakainuka na mikuki. Bunduki za mashine, aina ya Maxim, zilikuwa zimefungwa juu ya punda. Ndani ya dakika chache Zelewski amekufa na sehemu kubwa ya kikosi chake imeteketea.

Mwandishi gani angethubutu kubuni yule ndege? Hakuna. Angeweka pambano la nusu saa, mashujaa wawili wanatazamana machoni, muziki unapanda. Na angeficha jambo lenyewe: Wahehe walijua kwamba silaha za Mjerumani zinahitaji muda, wakakataa kumpa huo muda. Akili yote ya vita ile iko kwenye ufupi wake.

Sasa nije kwenye makosa makubwa zaidi. Haya si ya vitu. Ni ya nani alifanya nini.

Mwaka 1996 Hollywood ilitoa filamu ya simba wa Tsavo, Kenya, waliowala vibarua wa reli, The Ghost and the Darkness. Wengi hapa mmeiona. Simba wa kwenye filamu wana manyoya makubwa shingoni. Wale wa kweli hawakuwa nayo, na mtu yeyote anaweza kwenda kuwaona, wamekaushwa na wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Hilo nalisamehe upesi. Nisilolisamehe ni hili: filamu imemleta mwindaji Mmarekani anayeitwa Remington, akawa nguzo ya hadithi. Mtu huyo hakuwepo. Simba wote wawili waliuawa na Patterson, mhandisi Mwingereza, mwezi wa Disemba 1898.

Basi nani aliondolewa ili Remington apate nafasi? Reli ile ilijengwa na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, na wapatao 2,500 walikufa kazini. Patterson mwenyewe ameandika kwamba vibarua wa Tsavo walipochoka kuliwa usiku, walilala juu ya reli mbele ya treni iliyokuwa inakuja, wakaisimamisha kwa miili yao, wakapanda mabehewa wakaondoka. Kazi ya daraja ikasimama wiki tatu. Fikirini onyesho hilo! Mamia ya watu wamelala relini, taa ya treni inakaribia. Huo ni mgomo, tena mgomo wa watu waliochagua gurudumu kuliko simba. Hapo ndipo penye moyo wa hadithi, na ndipo watu wale walipojiamulia mambo yao wenyewe. Mwandishi akaona bora ambuni Mmarekani.

Tusije tukadhani ni ugonjwa wa wazungu peke yao. The Woman King ya mwaka 2022 imetuletea wapiganaji wanawake wa Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, na wanawake wale ni wa kweli, inapendeza kuwaona wamepewa heshima. Mfalme Ghezo kweli aliivunja nira ya dola jirani ya Oyo mwaka 1823. Lakini filamu inamwonyesha anageuka kuiacha biashara ya watumwa, na Ghezo wa kweli aliendelea kuuza watu miaka mingi baadaye, mpaka Waingereza walipoizingira pwani yake kwa manowari mwanzoni mwa miaka ya 1850. Waliouzwa na Ghezo baada ya 1823 walikuwa watu. Walikuwa na majina. Filamu imewafuta ili mfalme atoke safi.

Nasi pwani tuna jaribio kama hilo. Tukionyesha misafara ya bara, tutakuwa wakweli? Wanyamwezi waliobeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo walikuwa, wengi wao, wapagazi wa ujira. Mzigo wa mtu ulikuwa kama kilo 30, na posho yake ilipatanwa kabla ya safari. Wakipunjwa waligoma au waliutua mzigo wakaondoka. Mbele alitangulia kiongozi na bendera, ngoma ikipigwa. Na watumwa walikuwepo pia, kwa minyororo na kwa kongwa, wakiswagwa kwenda pwani, na waliowanunua na kuwauza walikuwa Waarabu, Waswahili, na machifu wa bara. Filamu inayomtia kila mpagazi mnyororo imemnyang'anya Mnyamwezi kazi yake na ujuzi wake. Inayowaondoa watumwa kwenye picha imewafanyia ubaya mara ya pili. Yapeni yote mawili nafasi. Njia ilikuwa moja, na wapagazi na watumwa wote waliipita.

Mtaniuliza: basi hatuwezi kubuni chochote? Mnaweza. Unganisheni watu watatu kuwa mmoja. Fupisheni miaka miwili kuwa wiki. Tungeni mazungumzo, maana hakuna aliyeyarekodi. Mpaka wangu ni mmoja: kubuni kusihamishe lawama, wala kusihamishe sifa.

Kuhusu lugha nitakuwa mfupi. Kiswahili sanifu tunachozungumza kilianza kusanifiwa mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja. Kinjeketile wa Ngarambe hakuwahutubia Wamatumbi kwa lugha ya taarifa ya habari. Hamwezi kuigiza kila kitu kwa Kimatumbi, naelewa, ingawa aya mbili tatu zingetosha kubadilisha filamu nzima. Kidogo kabisa ondoeni maneno yaliyokuja baadaye: hela, shule, "presha", "changamoto". Someni aya za Tippu Tip alivyosimulia maisha yake kwa Kiswahili. Sentensi zake ni fupi, hazina mapambo, na mtu anasema "nikamwambia, akaniambia" mpaka unamsikia anapumua.

Sasa kazi yenyewe. Ifanyike vipi, bila bajeti ya Hollywood?

Anzeni na tarehe. Kila onyesho kwenye skripti liandikwe mwezi na mwaka. "Zamani za Wajerumani" ni miaka 30, na ndani yake kila kitu kiligeuka. Mwezi unawapa upepo, mvua, mazao yaliyoko shambani na Sultani aliyeko kitini. Septemba 1888 Sultani ni Khalifa. Ukitaja Barghash umemtaja marehemu.

Halafu chukueni karatasi, mwandishi na mbunifu wa mandhari wakae pamoja, wapitie onyesho nomino kwa nomino. Nguo, viatu, taa, chombo cha maji, mti, mnyama, sarafu, mlango, paa. Mbele ya kila kitu andikeni kilifika lini, na mmejuaje. Kisicho na jibu kinatolewa kwenye picha. Hamhitaji kukibadilisha, kitoeni tu. Taa ya karabai ni ya karne ya 20, basi tumieni kibatari cha mafuta au mwezi. Shuka za Kimasai za mirabaraba ni za juzi. Mmasai wa 1890 mvisheni ngozi iliyopakwa mafuta na ngeu. Kazi hii kwa skripti ya kurasa 90 ni wiki mbili za watu wawili, na ifanyike kabla fundi hajakata kitambaa. Makosa mengi niliyoyataja leo yana chanzo kimoja: mwanahistoria aliitwa siku ya kupiga picha, mavazi yakiwa yameshashonwa.

Picha za kale zipo, na nyingi zinaonekana bure kwenye intaneti: mkusanyo wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hazina ya picha za makoloni ya Wajerumani. Zitazameni kwa tahadhari. Mpiga picha wa studio aliwapanga watu, akawavisha, akawaambia wasitikisike. Tazameni nyuma ya mtu aliyepangwa: kapu lililosahauliwa ukutani na miguu ya mpita njia ni za kweli kuliko pozi. Rangi hamtaipata humo. Rangi na desturi tafuteni kwenye maandishi, na kwa Mrima hakuna kama Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeeleza mavazi, harusi, vyakula na mikopo kwa Kiswahili, kitabu kikachapwa mwaka 1903.

Mwisho kabisa wa kazi, mhariri akishamaliza, tazameni filamu mara moja bila sauti, mkiangalia kona za picha tu. Huko ndiko hujificha nyaya za umeme na mabomba ya plastiki. Kisha fumbeni macho, sikilizeni. Adhana isitoke kwenye kipaza sauti. Pikipiki isipite mbali. Na kunguru! Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, wanaotupigia kelele kila asubuhi, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka. Asubuhi ya Pangani ya 1888 haikuwa na sauti yao. Ilikuwa na jogoo, na mawimbi, na mwanamke anatwanga.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Kama skripti yako ina majahazi yanayoingia kutoka Arabuni, yapige picha kati ya Disemba na Februari, bahari ikiwa na sura ya kaskazi na matanga yakiwa yamejaa upande unaostahili. Ukingoja Juni utalazimika kuyaburuta kwa mashine na kuficha povu la nyuma. Majahazi ya tanga yaliyo tayari kufanya safari hayabaki mengi, na manahodha wanayapanga mapema. Nendeni mkazungumze nao mwezi huu.